Jack Bruce: mpiga besi aliyekataa kukaa nyuma

Usiku mmoja mwanzoni mwa mwaka 1967, watu wawili walikuwa wamekaa katika nyumba moja jijini London wakitafuta nyimbo, na usiku ulikuwa unakwisha bila wao kupata kitu cha maana. Mmoja alikuwa Pete Brown, mshairi. Mwingine alikuwa Jack Bruce, Mskoti wa miaka 23, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Cream. Brown alisimulia mara nyingi kwamba Bruce, akiwa amechoka na amekata tamaa, alinyanyua besi kubwa ya mti, ile inayosimamishwa sakafuni na ambayo wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua vizuri, akapiga nota kumi, kisha akamwuliza mwenzake anazionaje. Brown akatazama dirishani, akaona kunakaribia kupambazuka, akaandika mstari wa kwanza unaozungumzia mapambazuko hayohayo. Hivyo ndivyo ulivyoanza wimbo wa "Sunshine of Your Love".

Nimeuchagua usiku huo kuwa mlango wa kuingilia kisa hiki kwa sababu moja: wimbo uliokuja kuwa alama ya bendi ya mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote wa zama zake, Eric Clapton, ulianzia kwenye besi. Wengi wanaoujua wanausikia kuwa ni wimbo wa gitaa. Nota zile zinapigwa na gitaa na besi kwa pamoja, na sikio la mtu huvutwa na sauti ya juu, lakini aliyezitunga ni yule aliyekuwa ameshika nyuzi nene. Maisha yote ya Bruce kazini, mafanikio yake na ugomvi wake, mali aliyoipata na umaarufu alioupoteza, yanaeleweka vizuri zaidi ukianza na jambo hilo. Bruce alikuwa mtunzi aliyetungia kwenye besi, katika biashara iliyoamini kwamba kazi ya besi ni kushika msingi na kunyamaza.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1943 huko Bishopbriggs, kaskazini mwa Glasgow. Wazazi wake walipenda muziki na walikuwa na siasa za mrengo wa kushoto, tena walihamahama sana, hata wakafika Kanada na Marekani, kiasi kwamba mtoto alipita katika shule 14 kabla ya kumalizia Bellahouston Academy ya Glasgow. Akiwa na miaka 17 alipata ufadhili wa kusoma chelo na utunzi katika chuo cha kifalme cha muziki na maigizo cha Uskoti. Mchana alisoma muziki wa kale wa Ulaya, na usiku alipiga besi katika bendi ya jazi ya Jim McHarg ili apate fedha za kujikimu. Chuo hakikutaka wanafunzi wake wapige jazi. Ilipogundulika, alitakiwa achague moja, naye akachagua bendi na kuondoka.

Alichoondoka nacho chuoni hakikuwa kidogo. Katika muziki wa Bach, mtunzi wa Kijerumani wa zamani, sauti ya chini kabisa haikai mahali pamoja ikihesabu mapigo, bali hutembea, hujibizana na sauti za juu, na mara nyingine ndiyo inayoamua wimbo mzima uelekee wapi. Baadaye Bruce aliwataja Bach na James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown mjini Detroit, kuwa walimu wake wakubwa, na mtu akiwasikiliza wote wawili kwa makini ataona kwamba hawako mbali kama inavyodhaniwa. Kila mmoja aliipa besi wimbo wake wenyewe ndani ya wimbo. Kijana aliyefundishwa hivyo hawezi kwenda kwenye bendi ya bluzi akaridhika kupiga nota mbili kutwa nzima.

Mwaka 1962 alijiunga na Blues Incorporated, bendi ya Alexis Korner ambayo ndiyo iliyokuwa shule ya bluzi jijini London. Mpiga ngoma wa kwanza wa bendi hiyo alikuwa Charlie Watts, aliyekwenda baadaye kwa Rolling Stones, na aliyemrithi alikuwa Ginger Baker. Mwaka uliofuata Bruce na Baker waliondoka pamoja na mpiga kinanda Graham Bond na kuunda kundi jipya lililokuja kuitwa Graham Bond Organisation. Ni katika kundi hilo ambapo uhusiano uliotawala nusu ya maisha ya Bruce ulichukua sura yake, na ni lazima tuutazame kwa karibu.

Shutuma ya Baker ilikuwa moja, na aliirudia kwa miaka mingi: Bruce anapiga nota nyingi mno. Kwa mpiga ngoma, shutuma hiyo ina mantiki yake, kwani ngoma na besi ndizo zinazobeba wimbo, na besi ikianza kutembea huku na huko, ngoma inabaki kuubeba mzigo peke yake. Lakini Baker mwenyewe hakuwa mpiga ngoma wa kushika msingi tu. Alitoka katika jazi, alipiga kwa mikono na miguu kama watu wawili, naye pia alitaka ngoma yake isikike kama sauti yenye jambo la kusema. Mafahali wawili walikuwa wamefungiwa zizi moja. Walipigana jukwaani, Baker akimrushia mwenzake fimbo za ngoma na Bruce akilitupa besi lake kubwa juu ya ngoma. Mwaka 1965 Baker alimfukuza Bruce katika kundi, na Bruce alipoendelea kuja kazini kana kwamba hakusikia, Baker alimtishia kwa kisu.

Baada ya hapo Bruce alikaa kwa muda mfupi katika Bluesbreakers ya John Mayall, ambako alipiga pamoja na Clapton kwa mara ya kwanza, kisha akaenda katika bendi ya Manfred Mann kwa sababu ya fedha, na besi yake inasikika katika "Pretty Flamingo", wimbo uliofika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1966. Muda huo mfupi kwa Mayall ulitosha. Clapton alisikia kwamba anapopiga gitaa, huyu mtu wa besi hamfuati tu bali anamjibu. Kwa hiyo Baker alipomfuata mwaka huohuo akitaka waunde bendi, Clapton alikubali kwa sharti kwamba mpiga besi awe Jack Bruce. Walikuwa ndani ya gari, Baker akiendesha, na Clapton amesimulia kwamba Baker alishtuka kwa sharti hilo hata nusura apate ajali. Hata hivyo alikwenda nyumbani kwa Bruce kupatana naye. Mwishoni mwa Julai 1966 bendi ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mjini Manchester, na siku mbili baadaye ikatambulishwa rasmi katika tamasha la Windsor.

Sasa turudi kwenye zile nota kumi. Clapton alieleza kwamba Bruce alizitunga baada ya wao kwenda kumwona mpiga gitaa Jimi Hendrix katika ukumbi wa Saville, London, tarehe 29 Januari 1967. Kifungu kinaanza kwenye D, kinagusa C, kinarudi nyumbani, kisha kinaruka hadi A na kuteremka nusu hatua kwa nusu hatua hadi G, na mwisho kinajizungusha kwenye D na F. Nota ile ya katikati ya mteremko, kati ya A na G, ndiyo inayokipa kifungu ladha ya bluzi, ile hali ya sauti kuumia kidogo kabla ya kutulia. Jaribu kukiimba kwa mdomo na utaona kwamba kinakaa vizuri kooni na katika mkono wa mpiga besi, kwa kuwa kilitungwa kwenye ala ambayo kila nota inahitaji nguvu. Beti zimejengwa juu ya muundo wa bluzi uliorefushwa mara mbili, kifungu kikihamia G pale ambapo bluzi yoyote ingehama.

Juu ya msingi huo wenzake waliongeza vyao. Clapton alitunga sehemu ya kiitikio yenye jina la wimbo. Baker aliacha kupiga kwa namna ya kawaida ya roki, akashuka kwenye ngoma za chini na kuweka mkazo kwenye pigo la kwanza na la tatu, kinyume na desturi ya kusisitiza la pili na la nne, na hapo wimbo ukapata ule mwendo mzito wa msafara. Fundi mitambo wa studio, Tom Dowd, alisema baadaye kwamba wazo hilo la ngoma lilikuwa lake, jambo ambalo Baker hakulikubali.

Kurekodi kulifanyika Mei 1967 katika studio za Atlantic mjini New York, kukisimamiwa na Felix Pappalardi, na hapo Bruce alikutana na ukuta mwingine. Machoni mwa wakubwa wa kampuni, Cream ilikuwa bendi ya Clapton. Mpiga gitaa mzuri wa sura na jina ndiye aliyepaswa kuimba na kusimama mbele, na huyu Mskoti wa besi arudi nyuma. Nyimbo zake hazikuwavutia, na hata "Sunshine of Your Love" haikuwapendeza mwanzoni hadi wanamuziki walioheshimiwa na kampuni hiyohiyo, akiwemo mpiga kinanda Booker T. Jones, walipoisikia na kuisifu. Nyimbo nyingine mbili alizozifanyia majaribio wakati huo kwa ajili ya Cream, "Weird of Hermiston" na "The Clearout", ziliachwa nje kabisa. Tuzikumbuke mbili hizo, maana zitarudi.

Albamu ya Disraeli Gears ilitoka Novemba 1967. Mwaka 1968 "Sunshine of Your Love" ilifika nafasi ya 5 katika chati za Marekani, na Januari 1969 Hendrix mwenyewe, akiwa hewani moja kwa moja katika kipindi cha televisheni cha BBC, aliukatiza wimbo wake na kupiga huo kwa heshima ya Cream, iliyokuwa imekwisha kuvunjika. Sina hakika kama kuna malipo makubwa kuliko hayo kwa mtunzi: aliyekupa mwako anaurudisha moto kwako mbele ya taifa zima.

Malipo mengine, yale ya fedha, ndiyo yaliyoleta uchungu. Wimbo ule umeandikwa kwa majina ya Bruce, Brown na Clapton. "White Room" na "I Feel Free" ni za Bruce na Brown. Kwa utaratibu wa hakimiliki uliotumika, mirabaha ya utunzi huenda kwa aliyetunga sauti na aliyeandika maneno, na mpangilio wa mapigo, hata uwe mzuri namna gani, huhesabiwa kuwa ni upigaji. Baker alilalamika hadharani kwa miaka mingi kwamba alinyimwa jasho lake. Alisema, kwa mfano, kwamba ule mwanzo wa "White Room" wenye mapigo matano badala ya manne ulikuwa wazo lake.

Nimelifikiria sana suala hili na sioni kwamba Bruce alimwibia mtu. Sauti, mpangilio wa nyimbo na ushirikiano na Brown vilikuwa vyake, na Baker hakufungiwa mlango, kwani katika albamu ya Cream ya Wheels of Fire ya 1968 kuna nyimbo tatu alizozitunga na mpiga kinanda Mike Taylor. Lakini pia siwezi kumpuuza Baker. Toa ngoma zake katika "Sunshine of Your Love", weka mdundo wa kawaida, na utabaki na wimbo mzuri wa bluzi ambao pengine usingefika mbali hivyo. Baadhi ya bendi za siku hizo ziligawana kila kitu sawasawa ili kukwepa balaa hili. Cream hawakufanya hivyo, na hawakuwa na mtu wa kuwakalisha chini wakubaliane mapema, wakati bado walikuwa wanasemezana. Lawama yangu naielekeza huko, kwenye mkataba ambao haukuandikwa, kuliko kwa mmoja wa watatu hao.

Jukwaani tatizo la nota nyingi liligeuka kuwa ndiyo sifa ya bendi. Sikiliza "Crossroads" ya Wheels of Fire, iliyorekodiwa Winterland, San Francisco, Machi 1968, na kwa mara moja usimfuate Clapton. Fuata besi. Gitaa linapopanda, Bruce hapandi nalo wala hakai chini akilingoja, bali anakwenda njia yake, anavuta nyuzi hadi zilie, anajaza nafasi ambazo katika bendi nyingine zingejazwa na gitaa la pili. Aliweza hayo kwa sababu gitaa alilotumia wakati huo, Gibson EB-3, lina shingo fupi, naye alilifunga nyuzi nyembamba zilizokubali kupindwa kama za gitaa la kawaida. "Spoonful" iliyomo katika albamu hiyohiyo inakwenda karibu dakika 17, na kwa sehemu kubwa ni watu watatu wanaozungumza kwa wakati mmoja. Siku ambazo walisikilizana, hakukuwa na bendi ya roki iliyofanana nayo. Siku ambazo hawakusikilizana, kila mmoja aliongeza sauti ya mitambo yake ili awafunike wenzake, na siku za namna hiyo zilizidi kuwa nyingi. Onyesho la kuaga lilifanyika Royal Albert Hall tarehe 26 Novemba 1968. Bendi ilikuwa imeishi miaka miwili na miezi minne.

Hapa ndipo wengi hufunga hadithi ya Bruce, wakiongeza kwamba baada ya hapo hakuwahi kurudia mafanikio hayo. Kwa hesabu ya mauzo, ni kweli. Lakini angalia alichokuwa akikifanya hata kabla Cream haijavunjika. Agosti 1968 aliingia studio na John McLaughlin, Dick Heckstall-Smith na Jon Hiseman, akarekodi albamu nzima ya jazi, Things We Like, akiwa na besi yake kubwa ya mti. Katika Wheels of Fire alikuwa ameweka "As You Said", wimbo ambao anapiga chelo na gitaa lisilo la umeme, Clapton hayumo kabisa, na Baker anagusa matoazi tu. Mtu huyo hakuwa akipanga kuwa nyota wa viwanja. Mwaka 1969 akatoa Songs for a Tailor, albamu iliyopewa jina kwa kumbukumbu ya Jeannie Franklyn, mshonaji wa mavazi ya Cream aliyekufa mwaka huo katika ajali ya barabarani pamoja na mpiga ngoma wa kundi la Fairport Convention. Ndani yake zimo "Weird of Hermiston" na "The Clearout", zile mbili zilizokataliwa. Ukizisikia hapo, na mabadiliko yake ya ufunguo yasiyotabirika, unaelewa kwa nini wafanyabiashara wa New York walishindwa kuzitafutia mahali, na unaelewa pia kwamba mtunzi alikuwa sahihi kuzitunza.

Njia aliyoishika baadaye ilikuwa hiyohiyo. Alipiga na Lifetime, kundi la mpiga ngoma Tony Williams lililokuwa likichanganya jazi na roki kwa ukali ambao wasikilizaji wachache waliuvumilia. Aliimba katika Escalator over the Hill, albamu ya mtunzi wa jazi Carla Bley. Mwaka 1971 alitoa Harmony Row, iliyopewa jina la mtaa wa Glasgow wenye nyumba za wafanyakazi, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo kilele chake cha utunzi ingawa haikuuza. Kisha, kwa kuhitaji fedha, akaunda West, Bruce and Laing mwaka 1972 kwa mfano uleule wa watu watatu, na hilo ndilo kundi lake ninalolipenda kidogo kuliko yote.

Haitakuwa haki kuyaeleza hayo yote kwa msimamo wa kisanii peke yake. Miaka ya 1970 Bruce alitekwa na heroini, na mambo yake ya fedha yaliharibika, huku sehemu kubwa ya utajiri wa Cream ikiyeyuka. Bendi aliyoiunda mwaka 1975 na Mick Taylor, aliyekuwa ametoka Rolling Stones, pamoja na Carla Bley, ilikufa mapema. Kuna albamu ambazo hazikuandikwa kwa sababu ya dawa, wala si kwa sababu ya ujasiri wa mtunzi aliyewakataa wafanyabiashara, na anayempenda Bruce hana budi kuyashika mambo yote mawili kwa mkono mmoja.

Alitoka humo polepole. Mwaka 1993 Cream waliingizwa katika jumba la heshima la roki nchini Marekani na wakapiga nyimbo chache pamoja. Mwaka uliofuata alitoa albamu na mpiga gitaa Gary Moore na, ajabu, Baker. Mwaka 2003 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akapandikizwa ini jingine, na mwili wake ukalikataa mwanzoni hata akakaribia kufa. Miaka miwili baadaye, Mei 2005, alisimama tena Royal Albert Hall kwa maonyesho manne ya Cream, akiwa amedhoofika, mara nyingine akikaa, mkononi akiwa na besi ya Warwick isiyo na vigawanyo shingoni, ala ambayo haimsaidii mpigaji hata kidogo kuipata nota, kama chelo aliyoanza nayo. Sauti yake ya kuimba ilikuwa imepungua. Vidole havikupungua. Maonyesho yaliyofuata mjini New York mwezi Oktoba yalirudisha ugomvi wa zamani jukwaani, na bendi haikupiga tena.

Albamu yake ya mwisho, Silver Rails, ilirekodiwa katika studio za Abbey Road na kutoka Machi 2014, na baadhi ya mashairi yake yaliandikwa na Pete Brown, miaka 47 baada ya usiku ule wa nota kumi. Bruce alifariki tarehe 25 Oktoba 2014 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 71. Clapton na Baker walihudhuria mazishi jijini London. Wanamuziki waliokuwepo waliimba, miongoni mwa nyimbo nyingine, "Theme for an Imaginary Western" kutoka Songs for a Tailor, ambayo Bruce na Brown waliitunga wenyewe na ambayo Cream hawakuwahi kuitoa.